Mkeka Ulioandikwa Karibu

Harufu ya plastiki iliyotiwa maji ya moto haifanani na harufu nyingine yoyote ya jikoni. Si ya kuungua, si ya kuiva. Ipo katikati, kama ndoo mpya iliyosahauliwa juani. Katika majira ya baridi ya mwaka niliotimiza miaka kumi na mmoja, nyumba yetu ya ghorofa ya tisa kule Scarborough, Kanada, ilinuka hivyo kila nilipotoka shule. Mama alikuwa akifungua dirisha, baridi ikaingia, akalifunga, harufu ikarudi, akalifungua tena, huku akikitupia jicho king'ora cha moshi pale darini kama mtu anayepita karibu na mbwa wa jirani. Ndani ya sufuria yetu ya pilau mlikuwa na mikanda ya plastiki, ile myembamba na migumu ambayo wenye viwanda huitumia kufungia maboksi. Na mbele ya jiko alisimama Bibi, mama yake mama, amevaa sweta mbili na kanga kiunoni, akiigeuza mikanda kwa mwiko ili ilainike.

Bibi alikuja kutoka Tanga mwezi Septemba mwaka ule, katika miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Huko kwao alikuwa msuka mikeka, na si mikeka ya kulalia tu. Alisuka ile ya maandishi, ambayo maneno hutokeza katikati kwa rangi, mtu akayasoma kabla hajakaa. Sasa Scarborough haina ukindu. Ina miti mirefu inayopukutisha majani yasiyofaa kusukia kitu, na Bibi alihakikisha hilo mwenyewe, kwa kuyaokota na kuyavuta mpaka yakakatika, mti baada ya mti, njia nzima ya kwenda dukani. Nyuma ya maduka ndipo alipoiona mikanda, imetupwa kwenye theluji ya kwanza, myeupe, myeusi na ya manjano. Aliuokota mmoja, akaupinda, akaunusa, akautia kwenye mkoba. Mama akamwambia kwa sauti ya chini kwamba ile ni taka. Bibi akamjibu kwamba hata ukindu kule kwao hauoti dukani, akaokota mwingine.

Sababu ya haraka yote ile ilikuwa Zena. Zena ni mdogo wake mama, mama yangu mdogo, na alikuja Kanada na wazazi wangu akiwa na miaka kumi na minne, ili asome. Akasoma. Akapata kazi benki, kwenye kaunta ya mbele, akapata lafudhi, akapata viatu vya kuvaa ndani ya ofisi na vingine vya kuvaa njiani. Miaka kumi na zaidi hakumwona mama yake ila kwa sauti ya simu, na ile simu ya kadi iliyokuwa ikikatika mtu akiwa bado anauliza hali ya mbuzi. Bibi alipotokea pale uwanja wa ndege, Zena alimkumbatia vizuri tu, kama mtu anavyomkumbatia mgeni muhimu. Alitarajiwa kuolewa Februari na Salim, ambaye kwao ni Pickering, kwenye nyumba yenye gereji ya magari mawili na vyoo vitatu. Nilivihesabu siku ya kwanza tulipokwenda, nikavihesabu tena tulipokuwa tunaondoka. Kwao Bibi, bibi harusi hukalishwa na mama yake kwenye mkeka mpya aliosuka mama mwenyewe, kabla ya watu wa mume kumchukua. Wanakaa wawili, wanazungumza au hawazungumzi, halafu wanainuka. Bibi alimweleza Zena haya kwenye simu, na Zena akasema, "Sawa, Mama," kwa namna ambayo benki huwaambia watu kwamba ombi lao litashughulikiwa.

Kazi ya kutafuta mikanda ilikuwa yangu, kwa kuwa nilijua Kiingereza na sikuwa na mahali pa kukimbilia. Niliifanya kama nilivyofanya kila kitu, kwa mapatano. Mzee mmoja wa Kitamili mwenye duka la vyakula alikubali kwamba nikimkunjia maboksi yake kila Jumamosi, mikanda yote ni yangu, ila nisiache vipande kwenye njia. Tulivutana sana juu ya hilo la vipande. Shida ilikuwa rangi nyekundu. Mikanda myekundu ilipatikana mahali pamoja tu, nyuma ya duka la majokofu, na nyuma ya duka la majokofu ndipo watoto wa shule yetu walipokuwa wakisubiri basi, kwa kuwa ukuta ule ulizuia upepo. Mara ya kwanza waliniona nimeingiza mkono kwenye pipa mpaka begani. Hawakunitukana. Mmoja aliuliza tu, kwa upole wa kweli, kama nyumbani kwetu tuna shida. Nikamwambia nimepoteza ufunguo. Wiki iliyofuata nilipoteza ufunguo tena, na wiki ya tatu wakaanza kunisaidia kuutafuta, na hapo ndipo nilipotamani theluji inimeze mzima mzima.

Bibi hakujua kuisoma alfabeti ya kizungu. Chuoni kwao alifundishwa herufi za Kiarabu, akaishia hapo. Kwa hiyo nilimchorea maneno kwenye karatasi ya hesabu yenye vyumba, chumba kimoja mkanda mmoja, naye akayasuka kama mtu anayesuka ua. Kila herufi aliipa jina lake. K ilikuwa mtu anayempiga mwenzake teke. B ilikuwa mja mzito wa mapacha. R ilikuwa mzee mwenye kitambi anayewahi choo. Aliniuliza kwa nini wazungu waliipa A mkanda kiunoni. Alisuka ameketi sakafuni karibu na mlango wa kibaraza, na kwa kuwa jioni zilikuwa zinaingia mapema, mbele yake lilisimama jengo la pili, pacha wa letu, madirisha yake mengine yana taa na mengine giza. Ilinichukua siku kadhaa kugundua kwamba pindo la mkeka lilikuwa lile jengo. Manjano ilikuwa taa, nyeusi ilikuwa giza. Alikuwa akisuka alichokiona, mstari kwa mstari, na kuna jioni alisimamisha kazi kabisa, mikono imetulia mapajani. Nilipomuuliza, akasema yule wa ghorofa ya sita hajarudi kazini, na yeye hawezi kumwekea giza mtu ambaye yuko njiani.

Ilikuwa wiki ile ile, kama sikosei, ambapo mwalimu wetu alitutaka tuandike ukurasa mmoja juu ya kitu kinachotupa msukumo wa kuunda jambo zuri. Wenzangu waliandika juu ya wachezaji wa magongo na wacheza dansi. Mimi niliandika juu ya maporomoko ya maji ya Niagara, ambayo sikuwa nimeyaona, nikayaelezea kwa sifa nilizozitoa kwenye kadi ya posta iliyobandikwa jokofuni. Nikapata alama nzuri. Mwalimu akaandika pembeni kwamba anauhisi ule unyevu. Nilirudi nyumbani na karatasi ile, nikapita kando ya Bibi na jengo lake la manjano na nyeusi, nikaenda kumwonyesha mama. Wakati huo sikuona chochote cha ajabu katika hilo. Nilijua tu kwamba kuna vitu vya kuandikwa na kuna vitu vya kufungiwa mlango, na chetu kilikuwa cha kufungiwa mlango.

Sentensi aliyoitaka Bibi katikati ya mkeka ilikuwa na maneno manne: karibu mwanangu ukae nami. Nilizihesabu herufi, nikazihesabu tena, zikawa ishirini na mbili, na zote alizitaka nyekundu. Ishirini na mbili kwangu ilikuwa ni wiki nyingi sana za kupoteza ufunguo. Basi nikaanza biashara. Bibi alikuwa mtu wa soko na alipenda kuvutana kuliko alivyopenda chai, na kwa utani wa bibi na mjukuu aliniita mke mwenzake, hivyo tulikuwa na haki zote za kubishana. Nilianza na neno la mwisho, kama mtu mwenye akili anavyoanza na pembe na si na moyo.

"Bibi, hilo 'nami' la nini? Akikaa kwenye mkeka na wewe umekaa papo hapo, atakuwa anakaa na nani mwingine?"

Akafikiri kidogo, akasema nilitoe. Siku chache baadaye nikarudi kwa ajili ya "ukae". Nilimwambia mkeka ni wa kukaa, hakuna atakayedhani ni wa kupanda. Alicheka mpaka akaweka kazi chini, akasema, "Mke mwenzangu, wewe hata ukifa utafufuka uje kudai chenji yako." Lakini akalitoa. Lililofuata, "mwanangu", lilikuwa gumu. Siku nzima alikataa kata kata, akasema hilo ndilo neno lenyewe, mengine yote yalikuwa yanalisindikiza. Nikasubiri, kwa sababu kusubiri nako ni sehemu ya kupatana, halafu jioni, mikono yake ikiwa kwenye pindo, nikatoa hoja yangu bora.

"Zena anajijua kwamba ni mwanao. Sasa unamwandikia habari anayoijua?"

Mikono ikaendelea kusuka kwa muda. Kisha Bibi akauliza, bila kuinua macho, "Anajua?"

Nilidhani ni mbinu ya soko, ile ya kurudisha swali ili mnunuzi ayumbe. Sikuyumba. Nikamwambia, "Anajua."

"Basi," akasema Bibi, na mkeka ukabaki na neno moja, herufi sita, na mimi nilikwenda kulala nikijiona mjanja kuliko wafanyabiashara wote wa Scarborough.

Harusi ilifanyika katika ukumbi wa kukodi kule Pickering, siku ambayo theluji ilikuwa imeyeyuka nusu na barabara zimemwagwa chumvi. Baba na mimi tulitangulia na gari lililojaa vyombo, na mkeka ukiwa umeviringishwa juu ya masufuria. Wanawake walikuwa wamebaki nyumbani kumpamba Zena. Baba aliuegemeza mkeka mlangoni akaenda kubeba vingine, na mimi nikatumwa jikoni kuhesabu sahani, kazi niliyoipenda, nikaifanya polepole. Niliporudi, wageni walikuwa wameanza kuingia. Binamu yake Salim, kijana aliyepewa jukumu la mlango, alikuwa ameutandaza mkeka kizingitini, na juu yake yalisimama mabuti. Mabuti ya theluji ya kila aina, yakivuja maji ya kijivu juu ya jengo la pili, juu ya yule wa ghorofa ya sita, juu ya mzee mwenye kitambi na mja mzito wa mapacha.

Nilimwendea yule kijana nikamwambia mkeka ule si wa pale. Hakuwa mtu mbaya. Aliutazama, akanitazama, akasema, "Ni wa plastiki, uko mlangoni, na umeandikwa karibu. Ulitaka uandikwe nini?"

Nimeulizwa maswali mengi tangu siku ile, na watu wa kodi, na watu wa bima, na mwenye nyumba, na yote nimeyapatia jibu. Lile sikulipatia. Nyuma yangu watu walikuwa wanapanga foleni ya kuvua viatu, mashangazi wa Pickering na manukato yao, na jibu la kweli lingenitaka niseme mbele yao kuhusu pipa la duka la majokofu. Nikasimama pale nikitazama buti moja jekundu la mtoto. Nilikuwa bado nalitazama magari ya bibi harusi yalipofika.

Bibi aliteremka wa kwanza, ili atangulie kutandika. Alifika mlangoni akasimama. Alivua viatu vyake, akachuchumaa, akaanza kuyahamisha mabuti, jozi kwa jozi, akiyaweka kando ukutani kwa uangalifu, buti la kushoto na mwenzake wa kulia, asije mtu akakosa chake. Hakuna aliyemsaidia kwa sababu hakuna aliyeelewa, na mimi niliyeelewa niliendelea kulitazama lile buti jekundu. Herufi zilipoonekana zote sita, akakaa juu ya mkeka, kwenye maji na chumvi, ndani ya dera lake jipya la hariri, akakunja miguu na kujiwekea nafasi upande wa kuume. Ndipo Zena akaingia na wapambe wake, na mbele yao mtu wa kamera akitembea kinyumenyume na taa kubwa.

Bibi akapigapiga ile nafasi kwa kiganja. "Karibu, mwanangu," akasema. "Ukae nami."

Zena aliinama kadiri gauni lilivyomruhusu. Alikuwa anatabasamu, kwa ajili ya kamera, na alilitunza tabasamu lile wakati anaongea. "Mama, inuka. Watu wanatutazama."

Bibi akainuka. Dera lilikuwa limelowa nyuma, alama kubwa ya mviringo, na mama yangu akamfunika kwa mtandio wake mpaka karamu ilipokwisha. Kwenye video ya harusi sehemu hiyo haipo. Zena anatoka kwenye gari, na papo hapo amekwisha kuketi jukwaani. Nyumbani, Bibi aliuosha mkeka ndani ya bafu. Chumvi ilitoka kwenye manjano na nyeusi, lakini kwenye nyekundu iliacha michirizi myeupe. Mama alitaka kuuweka chumbani. Bibi akakataa, akautandaza mwenyewe mlangoni petu kwa ndani, akasema umekwisha kupata kazi, uachwe uifanye. Hakusuka tena Kanada. Baada ya majira ya baridi ya pili alirudi Tanga, na sufuria ya pilau ikarudia pilau.

Sasa mimi ni mtu wa mabango. Nina duka dogo Scarborough, katikati ya kinyozi na muuza samosa, na ninawaandikia watu majina ya biashara zao kwa herufi za plastiki zinazowaka. Ninatoza kwa herufi, kwa hiyo kila siku kuna mtu amesimama mbele yangu anayetaka kusema mengi kwa machache, na mimi ndiye ninayemwambia maneno gani yanaweza kuondoka. Nina sifa ya kazi hiyo. Watu huja toka Mississauga. Bidhaa zangu huja kwenye maboksi yaliyofungwa kwa mikanda, nami huikata na kuitupa nyuma. Vipande sivikusanyi. Nimewahi kujaribu kupinda mmoja, ukanikata kidole.

Bibi alifariki miaka michache iliyopita, na kisomo cha kumwombea tulikifanya nyumbani kwa Zena, kule kule Pickering. Wageni walipoondoka tulibaki jikoni sisi wawili, yeye anaosha, mimi nafuta. Watoto wake walipita kuaga. Aliwauliza kwa Kiswahili wanakwenda wapi, wakamjibu kwa Kiingereza kwamba wanarudi sasa hivi. Walipofunga mlango, Zena akaniuliza kama mama yake alikufa na kinyongo naye. Nikamuuliza kinyongo cha nini. Akasema cha harusi, cha yeye kukataa kukaa naye pale mlangoni, au cha kumsahau, hajui. Anachojua ni kwamba Mama alikwenda kukaa kwenye viatu makusudi, ili amtie aibu mbele ya wakwe, na amelijua hilo miaka yote hii na amemsamehe.

"Akaniambia nikae naye," alisema Zena. "Pale? Kwenye mabuti ya watu?"

Nikamweleza kwamba yale yalikuwa maneno ya mkeka. Kwamba mkeka wenyewe ndio ule wa wao wawili aliowahi kuelezwa kwenye simu, na ulikusudiwa kuwa na maneno manne, na Bibi alikuwa anamsomea yale ambayo hayakuwepo kwa sababu mimi niliyapunguza. Aliniomba niyataje. Nikayataja. Akaniomba tena, na safari hii alizima maji. Kisha akauliza, bila ukali wowote, nilikuwa na haraka ya nini. Nikamwambia kuhusu duka la majokofu, na ule ukuta, na watoto waliokuwa wakinisaidia kutafuta ufunguo.

Zena alitazama povu kwenye sinki. "Na mimi nilikuwa na kamera," akasema.

Tulimaliza masufuria. Njiani kurudi, nikiwa kwenye taa nyekundu, nilijaribu kuwakumbuka waliokuwa wakitutazama. Wa harusini nilimwachia Zena. Wakwe zake nusu wamekwisha kufa na nusu huuliza kila mwaka kama yule bibi wa Tanga alikuwepo siku ile. Nikawahesabu wa kwangu, wale wa ukutani, ambao kwa ajili yao nilizishusha herufi ishirini na mbili zikawa sita. Wakati ule walikuwa umati. Nilipata majina mawili, na la pili sina hakika nalo. Taa ikawa ya kijani, gari la nyuma likapiga honi, nikawahesabu tena.